Kidonge cha Kila Asubuhi

Kondoa, 12 Januari 2025

Babu Fulgensi, mume wangu usiyelipa mahari,

Shikamoo. Na ya Bibi Levina umfikishie nzima, usiitafune njiani. Mimi mzima, ila upepo wa huku unanipasua midomo, na tangu Mwaka Mpya sijala wali unaonukia. Mchele wa huku unapikwa, unaliwa, unasahaulika. Mama amehamia nyumba mpya Morogoro na anasema ukienda uvue viatu mlangoni. Nimemwambia asijitakie balaa, aache tu uvae.

Unashangaa barua. Najua una simu, nilikununulia mwenyewe. Lakini tangu Krismasi kila nikitaja vidonge vyako vya kiungulia unapiga kelele "Mtandao! Mtandao unasumbua!" halafu unakata. Bibi ameniambia mtandao hapo Kibaoni haujawahi kusumbua, anayesumbua ni wewe. Barua haikatwi. Nimeituma kwa basi, na Bibi nimemwambia akutume ukaichukue ofisini kwao.

Jambo lenyewe ni hili. Kituo chetu cha afya kimegundua kwamba nusu ya watu wa mji huu wanatafuna omeprazo, vidonge kama hivyo vyako, kama karanga. Mganga mfawidhi amenipa kazi ya kuwafundisha wagonjwa kila Jumanne asubuhi, pale kwenye mabenchi, kabla hawajaanza kuonwa. Jumanne iliyopita nilianza. Nikatoa mfano wa mzee mmoja wa Ifakara. Jina sikulitaja. Nilisema tu ni fundi baiskeli, anaimba besi kanisani, ana meno matatu ya mbele na anapenda kambale wa pilipili.

Sasa nijibu kama mtu mzima: bado unameza kila siku? Vingapi? Na miguu yako ikoje?

Mkeo mdogo,
Agnella

*

Ifakara, 2 Februari 2025

Mke wangu mdogo Agnella,

Marahaba. Kwanza, meno ni manne. Rekebisha somo lako.

Hapa tuko wazima. Mvua imekuja kwa adabu mwaka huu na mpunga umeshika. Ng'ombe waliingia shambani kwa jirani yetu Donati, Donati naye akaingia na panga, na kwa neema ya Mungu wote walitoka salama. Baba yako mdogo Evod kule kijijini Mbingu amepata mtoto wa kike tena, wa nne. Ameniuliza ampe jina gani. Nimemwambia ampe jina la Imetosha. Mkewe hajacheka.

Bibi yako anakusalimu na anasema uolewe. Mimi nasema umeshaolewa, asilete fujo.

Kuhusu vidonge. Nameza kimoja kabla ya chai. Siku ya kambale wa kukaanga nameza viwili. Siku ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, nameza viwili na namwomba Mtakatifu yeyote aliye zamu. Tumbo langu sasa limetulia kama mtoto aliyeshiba. Wewe hujui kuungua, Agnella. Zamani nilikuwa nikiinama kuziba pancha, moto unapanda kifuani mpaka kooni, mteja anadhani nalia kwa sababu ya tairi lake. Kwaya nilishaiaga. Leo hii nikishusha besi kwenye "Utukufu", vioo vya dirisha vinatikisika. Sasa uje uniambie dawa ina hatari! Hata baiskeli ina hatari. Hata ndoa.

Miguu yangu iko mahali pake, yote miwili.

Mumeo halali,
Fulgensi

*

Kondoa, 23 Februari 2025

Babu,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu mpya. Mwambie Evod mimi natuma kanga na kwamba jina la Imetosha wampe yeye mwenyewe.

Mimi niliugua mafua, nimepona. Paka wa jirani amezaa kwenye sanduku langu la sare, kwa hiyo naenda kazini na manyoya.

Nikusimulie Jumanne yangu, maana umekataa kujibu kuhusu miguu na nimeona. Nilisimama mbele ya watu kama arobaini. Nikawaambia dawa hii si mbaya, imewaokoa wengi, ila nyingi huandikwa kwa wiki chache, nne au nane, na watu wakaendelea miaka. Tumbo likikosa tindikali yake kwa muda mrefu, linashindwa kuchukua baadhi ya vitu kwenye chakula. Mifupa inaweza kulegea. Vitamini inayolisha mishipa ya fahamu inaweza kupungua, ndipo miguu inachoma au inakufa ganzi, na mtu anasahau alichotumwa dukani. Vijidudu vya kuharisha navyo vinapita kirahisi, kwa sababu mlinzi wa getini amelala. Kwa wengine hata figo zinaguswa.

Mama mmoja akanyoosha mkono. "Kwa hiyo nesi unataka tuungue?"

"Hapana mama. Nataka uje tuangalie kama bado unaihitaji."

Dereva mmoja wa lori akatoa pakiti mfukoni mwa shati na kusema, "Mimi naacha leo leo!" Nikamrukia kama kuku aliyeona kicheche. Nikamwambia: usiache ghafla! Ukiacha ghafla baada ya miaka mingi, tindikali inarudi kwa hasira, utaungua kuliko mwanzo, utakimbilia dukani kununua mbili zaidi. Inapunguzwa pole pole, na anayepunguza ni daktari baada ya kukujua.

Watu wakapiga makofi. Sijui kama yalikuwa ya somo au ya nilivyoruka.

Sasa Babu. Miguu iko mahali pake, nimesikia. Je, unaisikia?

Agnella

*

Ifakara, 30 Machi 2025

Mpendwa mjukuu wetu Agnella,

Marahaba kwa wote. Utaona mwandiko si wangu. Kalamu yangu imeharibika, kwa hiyo namtajia Bibi yako maneno naye anaandika. (Mimi Levina ndiye ninayeandika. Kalamu nzima ndiyo hii hii ninayoandikia.)

Hali ya hapa ni njema. Mvua zimezidi, barabara ya Mlimba inapitika kwa kuomba Mungu. Perege wamejaa sokoni, wanauzwa kwa bei ya huruma. Kwaya inajiandaa na Pasaka, ingawa mimi nimepumzika kidogo kupisha vijana. (Mwongo. Hawezi kusimama misa nzima. Anasema sakafu ya kanisa imekuwa laini kama godoro.)

Kazi ya baiskeli inaendelea vizuri. (Haiendelei. Tarehe kumi na moja alikuwa amesimama, nasema amesimama, anaegemea baiskeli ya mwalimu. Akageuka kuchukua pampu, mguu haukumfuata, akaanguka. Anguko la mtoto. Mkono wa kulia ulivunjika hapa kwenye kifundo, umefungwa hogo la plasta mpaka kwenye kiwiko. Amenikataza nisikupigie simu. Kukupigia amenikataza, kuandika hajanikataza, kwa hiyo naandika.)

Levina, mbona unaandika maneno mengi kuliko ninayosema? (Ameuliza hivyo. Nimemwambia mwandiko wangu ni mkubwa.)

Miguu yangu haina shida kubwa. (Juzi alikanyaga kaa la moto pale jikoni. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Yeye aliuliza nani anachoma nyama.)

Basi mjukuu wangu, tuombeane. Mungu akujalie mume mwingine wa kusaidiana nami.

Wako, Fulgensi. (Na mimi, mwenye mkono mzima, Levina. Mwanangu, njoo au sema neno. Huyu mzee anakwisha kwa ubishi.)

*

Kondoa, 13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Babu yangu,

Shikamoo. Salamu za Pasaka kwenu nyote. Leo sina utani.

Nimeomba likizo, nimenyimwa mpaka Septemba. Kwa hiyo nakuomba nikiwa huku. Nenda hospitali. Mwambie daktari unameza omeprazo tangu mwaka gani, usipunguze hata mwezi. Mwambie kuhusu sakafu laini na kaa la moto. Mwombe akupime vitamini B12, ile ya mishipa ya fahamu, na aangalie mifupa. Usiache vidonge mwenyewe.

Na kuna jambo jingine. Nimeliandika mara tatu na kulichana.

Mwaka 2018 nilikuwa mwaka wa mwisho wa chuo, hapo hapo Ifakara, nikila kwenu kila Jumapili. Ulikuwa unaungua. Mimi ndiye niliyekupeleka kliniki. Daktari aliandika dawa ya wiki nane. Mimi ndiye niliyeichukua dirishani, nikaja nayo, nikakaa na wewe pale karakana, nikakwambia: "Babu, meza kimoja kila siku asubuhi kabla ya kula." Nilijiona daktari mkuu wa Tanzania.

Nilikwambia kila siku. Sikukwambia mpaka lini.

Kila Jumanne nasimama mbele ya watu wa Kondoa nikiwafundisha waulize swali hilo. Kila Jumanne nakuona wewe kwenye benchi la nyuma.

Agnella

*

Ifakara, 15 Juni 2025

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Huu ni mkono wangu wa kulia, hogo limetoka, herufi zinayumba kama mlevi lakini ni zangu. Nimenyamaza miezi miwili. Nilikuwa na shughuli ya kutobolewa.

Tumevuna. Magunia yamejaa sebuleni, wageni wanakaa juu yake. Binti wa Evod amebatizwa Aurelia, kwa hiyo jina langu limekataliwa rasmi.

Nilikwenda hospitali. Bibi yako alinisindikiza kama polisi na mtuhumiwa. Daktari ni binti mdogo, anaitwa Eveline, ana sauti ya upole na sindano isiyo na upole. Vitamini ile ilikuwa imekwisha, amesema, kama petroli kwenye pikipiki ya mkopo. Mifupa nayo imelegea. Nikamuuliza: ni vidonge? Akasema hawezi kuapa kuwa ni vidonge peke yake. Umri wangu, chakula changu na vidonge vya miaka saba vimefanya kazi kwa ushirika. Nimechomwa sindano mpaka makalio yangu yanamjua kwa jina. Sasa kaa la moto nalisikia. Hata changarawe nazisikia, na kila moja naishukuru.

Vidonge tumepunguza hatua kwa hatua. Wiki mbili za kwanza niliungua mpaka nikakutukana, nisamehe. Eveline akanipa dawa ya maji nyeupe ya kutuliza, akanikataza ulanzi, kambale wa pilipili na kulala mara baada ya kula. Kitanda tumekiinulia upande wa kichwa kwa matofali. Bibi yako ameteleza mpaka miguuni mara mbili, anasema hakuolewa ili alale mlimani.

Kuhusu yale mengine uliyoandika, ya mwaka 2018, mtandao unasumbua.

Lakini nikupe habari itakayokufurahisha. Alhamisi iliyopita jumuiya yetu ya kanisa ilikutana kwangu. Baada ya rozari nikasimama, nikawaonyesha mkono wangu, nikawasomea barua yako ya Februari, ile ya mlinzi wa getini. Nikauliza: nani hapa anameza? Mikono sita! Nikawaambia kila mtu akalete vyake. Wakaleta. Tukaenda kwa maandamano mpaka chooni kwangu, tukatupa vyote shimoni huku tunaimba. Klementina yule mjane wa njia ya Kivukoni alilia machozi, akasema alikuwa amechoka kumeza dawa kila siku. Uliwafundisha watu arobaini, mimi nimewaokoa sita kwa jioni moja.

Mwalimu mwenzako,
Fulgensi

*

Kondoa, 21 Juni 2025

Babu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama stendi. Nimempigia Bibi hapo hapo. Anatoka sasa kwenda nyumba kwa nyumba, na nimemwambia uende naye. Hii naituma na basi la kesho ili uwe na maneno ya kusoma mbele ya jumuiya. Soma haya tu, usiongeze ya kwako.

"Wako watu ambao dawa hii ndiyo inayowaweka hai. Aliyewahi kutapika damu au kuwa na kidonda cha tumbo. Anayemeza dawa kali za maumivu, diklofenaki au aspirini, za magoti, za mgongo, za moyo. Hao wasiache bila daktari. Nilikosea kuwaambia muache. Kila mtu aende na pakiti zake zote kliniki, za tumbo na za maumivu pamoja, akaulizwe yeye kama yeye."

Klementina ana magoti, Babu. Namkumbuka. Alikuwa anameza diklofenaki tangu nikiwa mtoto.

Agnella

*

Ifakara, 20 Julai 2025

Mjukuu wangu Agnella,

Marahaba. Sisi wazima. Evod na watoto wazima. Nianze na hayo ili usome yanayofuata umekaa.

Simu yako ilipoingia, Bibi yako alitoka na kanga moja, hata viatu hakuvaa. Nilimfuata. Tulianza kwa Nyamizi, mmoja wa wale sita, akacheka mpaka akakaa chini. Alitupa pakiti tupu, vidonge vyake viko kabatini, anasema hawezi kumtupia fundi baiskeli dawa aliyopewa na hospitali. Nilitamani kumbusu. Wengine wanne tuliwakuta wakiungua na kunilaani, lakini wamesimama kwa miguu yao.

Klementina tulimkuta amekaa mlangoni, kanga imelowa jasho wakati kuna baridi. Bibi yako akamuuliza, "Dada, choo chako kikoje?"

Akasema, "Tangu juzi cheusi kama lami. Nilidhani ni kisamvu."

Akajaribu kuinuka atukaribishe. Unamjua, hawezi kukaa wageni wakiwa wamesimama. Akashika fremu ya mlango na kutapika. Sikuwahi kuona damu nyingi vile, Agnella, na nimeona watu walioshikwa na kiboko. Tulimpakia kwenye bajaji, kichwa chake mapajani mwa Bibi yako, mimi nimening'inia nyuma. Njia nzima alikuwa anasema, "Mlango haujafungwa. Kuku wataingia."

Hospitali wakamkimbiza ndani. Daktari akatoka, si Eveline, ni mwanamume mwenye miwani. Akauliza, "Huyu ana kidonda kilichowahi kutoka damu, imeandikwa kwenye daftari lake. Nani alimwambia aache dawa?"

Nikasema, "Mimi."

"Wewe ni nani?"

"Fundi baiskeli."

Alinitazama tu, halafu akarudi ndani. Angenitukana ningemshukuru.

Wakataka damu. Donati alitoa, na mwalimu yule mwenye baiskeli. Mimi nilinyoosha mkono wakasema ni mzee na damu yangu yenyewe inadaiwa. Nikakaa kwenye benchi nje ya wodi siku mbili. Nilikuwa nahesabu vigae. Nikawa nasema moyoni: nilitaka mema. Nikasema tena: nilitaka mema. Ukisema mara nyingi neno linaharibika, linaanza kunuka.

Hapo ndipo nilipokuelewa.

Mwaka ule ulikuwa na miaka ishirini na miwili, sare inakupwaya, umeshika kile kifuko cha dawa kama Komunyo. Nilikuwa najivunia wewe kiasi kwamba ungeniambia nimeze msumari kila asubuhi ningemeza. Wiki nane zilipokwisha nilikwenda dukani mwenyewe, na muuzaji hakuniuliza kitu, nami sikumuuliza. Miaka saba nilikuwa na mdomo, na unajua mdomo wangu ulivyo. Nilipoanguka sikutaka ujue, kwa sababu nilijua utahesabu kurudi nyuma mpaka utajifikia wewe. Ndiyo maana kalamu iliharibika. Lakini niliogopa pia, niseme ukweli. Niliogopa kwamba nikikusamehe kwa barua itakuwa nimekubali kwamba kulikuwa na kosa. Basi lilikuwepo. Lako lilikuwa dogo, langu ni lita mbili za damu. Nimekusamehe. Sasa nisaidie kubeba la kwangu.

Klementina amepona. Amerudi nyumbani wiki mbili zilizopita, amekonda, ulimi haujakonda. Dawa ya tumbo anameza, ya magoti wamembadilishia. Alhamisi nilisoma maneno yako mbele ya jumuiya, yote, sikuongeza langu. Yeye alikaa mbele kabisa akinitazama kama mtu anayeangalia maziwa yasimwagike. Nilipomaliza, watu wote walikwenda kliniki Ijumaa na mifuko ya plastiki. Eveline aliwapanga mstari. Watatu wamepunguziwa, mmoja ameachishwa, Nyamizi ameambiwa aendelee, naye amenipita getini bila kunisalimu ili nione.

Klementina anatakiwa kliniki kila Jumanne. Baiskeli sijaruhusiwa kupanda bado, kwa hiyo namweka kwenye keria na kuikokota, mimi mbele nimeshika usukani, yeye nyuma ameshika kiti. Jumanne hii, tulipopita sokoni, nilimwomba msamaha. Nilimwomba nikiwa natazama barabara, kwa sababu usoni pake sikuweza. Nilisema yote. Nilisema nilitaka kuonekana mtu.

Tulipita benki, tukapita kanisa, tukapita wauza mihogo, hakujibu. Nikadhani amelala au amekufa, nikaogopa kugeuka.

Mlangoni pa kliniki aliteremka, akanyoosha kanga, akaniambia, "Fulgensi, mashimo yote ya Ifakara umenipitisha. Jumanne ijayo pita njia ya chini."

Jumanne ijayo, Agnella. Amesema Jumanne ijayo.

Mumeo,
Fulgensi